Kura ya Kipepeo

Shoga, uko wapi?

Si unajua leo kwenye grupu la mashabiki tulikuwa tunapanga nyimbo za Malkia wetu, kuanzia kali mpaka mbovu? Yule anayejiita Kipepeo peke yake ndiye ambaye hakupiga kura. Nikamwandikia mbele ya watu wote: "We Kipepeo, umekufa?"

Umekufa! Mimi na huu mdomo wangu!

Jibu likaja kutoka kwenye simu yake: "Mimi mama yake. Tulimzika Ijumaa. Ule wimbo mliouweka mwisho ndio aliokuwa akiniimbia nikimwogesha kitandani, mgonjwa. Mhesabieni kura yake."

Ule wa mwisho, shoga. Ule tunaoucheka pale sauti ya Malkia inapokatika.

Nimeupandisha ukawa wa kwanza. Hakuna aliyebisha.

Mama yake akauliza: "Kwa hiyo mwanangu ameshinda?"

Nimemwambia ameshinda.