Roketi za Nyota Zilizokwanguliwa Jina

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Evere, Brussels
Jumatatu, 10 Machi 1997, saa 3:20 asubuhi

Jina: Didas Rwegasira
Umri: miaka 43
Kazi: mpiga chapa
Uraia: Mtanzania
Makazi: Evere

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naeleza kwa Kiswahili, na Bi Claudine Bahati, mkalimani aliyeapishwa, anaandika. Nimeombwa nisimtukane mtu. Nitajitahidi.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta watu waliotengeneza roketi za kuchezea pale mchezo huo ulipoanza, miaka ya sitini. Mwili wa karatasi ngumu, mbawa za mbao laini, parashuti ya plastiki. Wengi walikuwa mtu mmoja na meza ya jikoni, wakafa bila kuandikwa popote. Klabu yetu inaandaa kitabu chao. Sharti letu ni kwamba jina haliingii bila boksi lenye lebo ya mtengenezaji, au neno la mtu wa nyumba yake.

Mwaka jana nilipata sokoni karatasi ya maelekezo yenye jina "Nyota" na anuani ya Saint-Josse. Kwa jina hilo la Kiswahili nilijua mtengenezaji hakuwa Mbelgiji. Niliuliza duka kwa duka, hadi msusi mmoja akanielekeza Laeken, alikohamia Maman Mwadi, mjane mwenye umri wa miaka sabini na moja, mzaliwa wa Uvira.

Mnamo tarehe 1 Machi 1997, Jumamosi, saa 8 mchana, nilifika kwake kwa gari la Séraphin Lubula, muuza vitu vya kale na mwanachama mwenzangu. Maman alitushusha chumba cha chini. Maboksi yalikuwepo, hayajafunguliwa, kila moja na lebo: "Nyota. Amissi Radjabu, mtengenezaji, Brussels."

"Amissi alikuwa anakataka carton kwa hii meza," alisema. "Bantu balimucheka. Hata bajukuu yangu banasema, bon, mémé anatunga."

Nilimwambia jina la mumewe litaingia kitabuni. Alianza kupangusa maboksi kwa ncha ya kitenge, moja baada ya jingine, na mimi sikumharakisha. Séraphin naye alikuwa anayahesabu kwa macho.

Jana, Jumapili tarehe 9, saa 4 asubuhi, niliingia kwenye gulio la klabu yetu la kubadilishana vitu, katika ukumbi hapa Evere. Maboksi yale yalikuwa kwenye meza ya Séraphin. Lebo zote zilikuwa zimekwanguliwa kwa kisu mpaka karatasi nyeupe ikaonekana. Niligeuza boksi moja baada ya jingine kutafuta hata herufi moja.

Nilimuuliza kwa nini. Akatabasamu.

"Didas, we unajua hii kazi. Ukiacha jina ya bwana yake, kesho bote bako kwa mulango ya maman. Donc nimefunga njia."

Ni kweli, ni desturi chafu ya wauzaji: mmoja akipata kisima, anafukia njia. Lakini hapa kisima kilikuwa mtu mwenye jina. Nilimuuliza aliyapataje.

"Nilirudi kwake peke yangu, alinipa ye mwenyewe. Nilimuambia ndani kuko poudre, bapolisi bakikuta batamufunga. Alinisukumia maboksi mpaka ku gari."

Alisema hivyo huku akicheka, mbele ya watu. Ndani ya maboksi yale hamna baruti hata chembe. Mnunuzi wa roketi hununua injini kando, na Séraphin anajua kuliko mimi. Alimtisha bibi kizee kwa jina lenu, nyinyi polisi. Nilichukua boksi moja, akanisukuma, nikamsukuma. Mwenye ukumbi akawapigia nyinyi simu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilikula naye sahani moja kila mwezi.

Saa 9 alasiri nilikwenda Laeken pamoja na Inspekta Verhulst. Nilifurahi njiani, nikidhani neno lake moja litatosha: litamrudishia mali yake, na litamwingiza Amissi kitabuni. Maman alifungua mlango akaona sare. Inspekta akamuuliza kwa adabu kama mumewe alitengeneza roketi. Akajibu kwa Kifaransa kwamba hapana, mumewe alikuwa mfagiaji wa stesheni, na yeye hajawahi kuona boksi lolote.

Nilimwambia, "Maman, Séraphin alikudanganya. Hamna baruti. Sema tu jina lake."

Akanishika mkono. "Nyamaza, mutoto yangu. Amissi alikufa bila dossier, bila faili, kwa polisi. Nitamuacha vile."

Nilirudia, akafunga mlango.

Naomba iandikwe hapa, kwa kuwa hakuna pengine palipobaki: roketi za Nyota zilitengenezwa na Amissi Radjabu. Lebo niliziona kwa macho yangu.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nayakubali kuwa yangu.

(Sahihi) D. Rwegasira

Maelezo ya afisa: Shahidi alikuwa na hasira lakini alieleza vizuri. Bw. Lubula ameachiwa; mjane amekana kuwa na madai yoyote. Kielelezo A: maboksi ya roketi za kuchezea, bila lebo. Mmiliki: Bw. Lubula, atarudishiwa. Mtengenezaji: hajulikani.

(Sahihi) Inspekta Verhulst