Nilichokaribia Kukiua Taita

Mama yangu wa Wiyoni, nakusalimu kutoka milimani, nimevaa sweta mbili juu ya dera!

Leo nikimsaidia mwenyeji wangu, Mama Wakesho, kuchimba viazi, nilifukua kitu cha kijivu, kirefu kama kamba ya kiatu. Nikainua jembe. "Nyoka!"

Akanidaka mkono. "Acha, dada! Huyo ni wa jamii ya chura, ila hana miguu. Milima yetu ni ya kale mno, na kwingine humpati. Watoto wake hula ngozi yake, nayo huota tena."

Tulimrudishia udongo taratibu. Nikakukumbuka, Mama, ulivyotulea sote sita kwa kushona kofia mpaka vidole vikachubuka. Ijumaa inshallah nakuja kuvibusu.

Mwanao, Zuhura