Kompyuta ya Mke Mwenzangu

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
17 Agosti 2025

Mpendwa Dada Wahiba,

Shikamoo. Natumai joto la Muscat halijakuchosha na goti limepata nafuu. Watoto hawajambo. Mimi mwili mzima ila moyo hauna raha, na sitakuficha, ni wivu.

Unajua Muntasir ana zamu, siku mbili kwangu na mbili kwa Nusaiba, mke mwenzangu wa Buguruni. Tangu Idi zamu zangu zinaliwa. Siku ya kuja kwangu ikifika anapiga simu: kompyuta ya Nusaiba imegoma, atalala huko huko aitengeneze. Mimi ndiye mwenye steshenari, nashinda na kompyuta kutwa, wala hajaniuliza hata mara moja.

Nusaiba anadarizi nembo za sare kwa cherehani ya kompyuta. Programu yake ya kuchorea nembo ni ya zamani, haikubali kompyuta za sasa, kwa hiyo imewekwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inajifanya kompyuta nyingine kuukuu ndani yake. Kuna ulinzi mmoja wa kumbukumbu ambao ukiwashwa, mashine pepe haifunguki. Unauzima, unawasha kompyuta upya, basi. Kwa hilo mtu analala?

Nikaamini Nusaiba anauwasha makusudi ili anizuilie mume. Jumatatu nikafunga steshenari nikamfuata, maneno yote nimeyapanga njiani. Nikamkuta amezungukwa na sare, wateja wanamgombeza, macho yamemvimba.

“Dada Farida, mie hata kuuzima sijui,” aliniambia. “Neno la siri la kuuzima analo Muntasir peke yake.”

Sikumwamini. Nikajaribu neno la siri la steshenari yangu, likafungua. Nililitunga mwenyewe, dada, na Muntasir kaenda kulitumia kwenye nyumba ile. Hilo nalo liliniuma. Nikauzima ulinzi, nikaiwasha upya, cherehani ikaanza kushona. Nikamwomba asimwambie Muntasir kwamba nilifika.

Jumatano, siku yangu, Nusaiba akanipigia asubuhi kwamba imegoma tena. Nikamuuliza nani aliishika. Akasema aliitumia vizuri hadi jana yake jioni, kisha Muntasir akakaa nayo kabla ya kulala, akidai anaikagua. Kompyuta ile haijaunganishwa na mtandao, dada, hata useme imejisasisha yenyewe. Hakuna kilichoubadilisha ulinzi ule ila mkono wa mtu.

Saa kumi Muntasir naye akanipigia, kwa sauti ya masikitiko, kuniambia kompyuta ya mwenzangu imegoma. Nikamjibu alale salama.

Miezi yote hii nimemchukia Nusaiba, kumbe mwenzangu anapoteza wateja ili mume apate sababu ya kutokuja kwangu. Wivu wangu bado ninao, tena umezidi, ila sasa sina mwanamke wa kumlaumu. Angekuwa ni yeye, ningelala vizuri zaidi.

Nisalimie Shemeji Matar na Salsabil, umwambie mwanangu huyo asome. Mama mdogo Chausiku anawasalimu nyote. Mola akuafu goti na akutunze ugenini.

Sijamwambia Muntasir kwamba najua. Leo ni siku yangu tena. Nimepika, nimejifukiza udi, na simu nimeiweka karibu.

Mdogo wako akupendaye,
Farida