Nailoni ya Godoro Letu

Baba Idi wangu,

Leo nimegombana na mwanao mbele za watu, na jina lako nimelitaja. Bora ulisikie kwangu mwenyewe kabla hujaletewa maneno huko uliko.

Unakumbuka siku tuliyoleta godoro jipya pale Katubuka? Mimi nalifurahia godoro, wewe umekumbatia nailoni yake! "Mama Idi, usiitupe. Hii nzito, ina kazi yake." Nikacheka. Kumbe unakwenda kuvifunga vile vinyunyizio vya maji ya kuzimia moto darini, kwenye chumba cha kupulizia maboti rangi kazini kwako, visichafuke. Ulivipenda, ukaviita "mvua yetu". Zimamoto walishakwambia: karatasi nyembamba tu, tena ibadilishwe ikishika rangi, maana kile kichupa cha kioo kilichoziba kinyunyizio lazima kisikie joto ndipo kipasuke, maji yamwagike. Wewe ukasema karatasi inachanika ovyo. Ubishi wa kwenu Kalinzi huo!

Siku tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, iliposhika moto, joto lilichelewa kupenya ile nailoni. Maji yalipokuja ulikuwa umeshaungua.

Idi alijua tina ndiyo iliyokuua, basi; la nailoni sikumwambia. Marehemu hasemwi vibaya, na kwake wewe ndiwe fundi wa mafundi. Sasa anapuliza rangi yeye, chumba kilekile. Mchana nimempelekea ugali na migebuka, nikainua macho: vinyunyizio vyote vimeviringishwa nailoni, vimekazwa kwa utepe. Harufu ya tina inakaba koo. Nikazima kompresa.

"Mama! Umeniharibia rangi!"

"Toka nje, Idi."

Bosi akaja juu: boti linasubiriwa Ujiji, ama mama atoke ama wote wawili tukalale nyumbani moja kwa moja. Mwanao akavua barakoa, macho mekundu.

"Baba alikuwa anafunga hivihivi. Wewe unajua kuliko Baba?"

Weee! Mafundi wote wametukodolea macho, kompresa imenyamaza, na mkono wa Idi umeshafika kwenye swichi.

"Ndiyo, alifunga hivyo," nikamwambia. "Ndiyo maana tulimzika."

Aliuondoa mkono. Akatoka bila kumtazama bosi wala mimi, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyepuliza rangi tena leo. Ya kesho siyajui.

Nimekuvunjia heshima, najua, na nimelia njia nzima. Nina hasira na wewe, na nimekukumbuka mno, vyote kwa pamoja. Lakini ningeendelea kukutunzia sifa, ningemzika na yeye. Hivi sasa yuko chumbani kwake, amejifungia, salamu yangu hajaitikia. Namsikia anakohoa, anajigeuza kitandani. Na anichukie tu. Yupo.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Idi