Rivasi ya Mzee Kiprono

Jumatano.

Bado nimejikasirikia. Giaboksi na dashibodi ya Pajero nimezifunga kwa Landrova ya Mzee Kiprono, nikakaza kila nati, halafu nikampa ufunguo bila kumwambia kwamba mahali pa gia ya kwanza sasa ni rivasi. Akaingiza gia alivyozoea, akarudi nyuma mpaka geti ya gereji yangu ikalala chini.

Nilingoja kelele. Mzee akashuka, akaangalia geti, akacheka.

"Mama Brian, hii gari imelala miaka minne. Leo imetembea."

Sijui kama itaweza matope ya kwake Chepsaita, na mshale wa spidi bado unagoma. Lakini geti sitaisimamisha haraka. Jirani yake pia ana Landrova imekufa giaboksi, na kesho wanaileta ikivutwa; ipite hapo moja kwa moja.