Kinachogonga Kule Juu

Katoro, Geita.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Meshack,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, kwa hiyo marahaba. Habari za Dar, habari za joto, na habari za hilo koo linalokupatia ugali? Sisi huku wazima, isipokuwa vumbi, ambalo ni zima kuliko sisi. Wiki iliyopita nilipita Ushirombo kumwona mama mdogo. Mguu umepungua uvimbe, mahindi amekwisha vuna, na ameniagiza nikuulize kama huko mjini makanisa yamefungwa.

Usishangae kuona karatasi. Simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti najua unausikiliza kwa kuukimbiza, hata nasikika kama kuku aliyekanyagwa. Karatasi haikimbizwi.

Sasa tuje kwenye kilichoniudhi.

Banda langu la video unalijua: mabenchi, mapazia meusi, na sauti yako. Wachimbaji wa dhahabu wakitoka maduarani, kwenye mashimo yao, Jumamosi huja kuangalia filamu unazozitia Kiswahili, na hakuna waliyoipenda kama Watu wa Juu. Sehemu tatu za mwanzo tumeziangalia mpaka naweza kuziigiza peke yangu. Na unajua kwa nini. Kile chombo cha anga kilichotangulia, kilichombeba dada yake nahodha wa chombo cha pili, kiliingia kwenye wingu jeusi la huko angani, hakikutoka tena. Halafu kila sehemu redio ya nahodha inanyamaza, kisha inasikika: ko, ko, ko. Mtu anagonga. Nani? Hawasemi. Na wewe, kwa akili uliyokuwa nayo zamani, ulikuwa unanyamaza nao.

Banda nalo linanyamaza. Hawa ni watu wa mashimo, Meshack. Duara likititia, walio juu hulala kifudifudi wakatega sikio, kwa sababu aliye hai chini hugonga mwamba. Ile ko, ko, ko kwao si mchezo wa kuigiza. Filamu ikiisha, wanabaki kwenye mabenchi wakibishana.

"Ni dada mtu yule!"

"Dada mtu, miaka yote hiyo anakula nini?"

"Basi ni jini. Jini halina njaa."

Chai ya Mama Limi, anayeuza pale mlangoni, huishia kwenye ubishi huo. Ndiyo maana siku zote nasema fumbo ni kama moto wa jikoni: ukiumwagia maji ili uone kilichomo ndani, utaona majivu.

Ndipo ukatuletea sehemu ya nne. Redio ikanyamaza. Ko, ko, ko. Na wewe ukapasua koo: "Wapenzi watazamaji, msijisumbue! Kule hakuna mtu, wote walikufa siku ile ile. Kinachogonga ni chuma kinapoa!"

Chuma kinapoa. Meshack, nani alikuuliza?

Nilidhani labda wenye filamu wamesema. Nikaitafuta isiyo na sauti yako, nikaiangalia kwa Kiingereza changu nilichojifunza kwenye maboksi ya dawa za ng'ombe. Nahodha anaitazama redio, anafumba macho. Basi. Hicho chuma umekitoa wewe huko Tandika, ukiwa umeshiba wali.

Watu walitoka bandani kama waliosomewa matokeo mabaya. "Kumbe ndiyo hivyo tu," mmoja akasema, akaenda zake. Hakubisha mtu. Usiku ule ule nikakuandikia barua kali kuliko hii, yenye neno moja ambalo mama mdogo asingelipenda. Nilikuagiza urudie sehemu hiyo na unyamaze pale wenyewe waliponyamaza. Mwenye nyumba kaacha mlango wazi, wewe dalali unaufunga kwa ruhusa ya nani?

Ile barua nimeichana. Sikia kwa nini.

Jumatatu asubuhi Mama Limi alinijia kabla hajawasha jiko. Sijui kama unakumbuka yaliyompata. Mumewe alifukiwa duarani mwaka ule wa mvua kubwa, na mwili haukupatikana. Walio juu walisikia kugonga. Marwa, msimamizi wa lile duara, alilala akasikiliza, akainuka akasema, "Ni mawe yanajipanga. Tokeni, litatumeza na sisi." Wakatoka. Tangu hapo Marwa anamsalimia yule mama kwa mbali, na bandani kwangu, ikikaribia ile ko, ko, ko, hutoka nje kuvuta sigara. Mimi nilidhani haipendi filamu. Na najidai najua kusoma watu!

"Mwangaluka, Baba Ritha," Mama Limi akaniamkia kwa Kisukuma. Hakukaa. "Lile neno la chuma. Ni filamu yenyewe imesema, au ni mdogo wako?"

"Kwani vipi, Mama Limi? Si wewe uliyekuwa unabisha kuliko wote kwamba ni dada mtu? Nilijua unapenda fumbo."

"Fumbo mnalipenda nyie mnaoliacha hapa kwenye benchi mkaenda kulala. Mimi langu naenda nalo nyumbani." Akajifunga khanga upya. "Jana nimemkuta Marwa gengeni. Nikamwambia, Marwa, kumbe kitu kinaweza kugonga na mtu hayupo. Yule mwanaume alilia mbele ya nyanya za watu. Sasa nijibu. Nani kasema?"

Meshack, miaka yote nimewahubiria watu kwamba kisichojulikana kiachwe. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama na mahubiri yangu. Nikamtazama, nikasema, "Filamu yenyewe. Wenyewe wametamka."

"Haya," akasema, akaenda kuwasha jiko. Chai ya siku hiyo aliitia tangawizi mpaka ikauma.

Kwa hiyo nina hasira na sina pa kuiweka. Bado nasema ulikosea. Ungenyamaza, banda lingebaki na ubishi wake nami ningebaki na ukweli wangu. Vyote nimepoteza kwa sababu wewe huwezi kukaa kimya hata kwa muda wa kumeza mate.

Na sasa nasikia sehemu ya tano iko njiani, na kwamba humo kila kitu kitafunuliwa. Nahodha na wenzake wakikifungua kile chombo tukamkuta dada mtu yu hai, kakonda, nyundo mkononi, itakuwaje? Mama Limi ameshaniambia atakaa benchi la mbele. Na Marwa anasema safari hii hatoki nje.

Basi sikiliza, mwenye mdomo. Sikuombi tena unyamaze. Ulianza wewe, utamaliza wewe. Wenye filamu waonyeshe watakachoonyesha, wewe piga kelele kuliko wao. Akitokea dada mtu, sema nahodha anaota. Sema chuma kilikuwa kinapoa tangu mwanzo, na useme kama mtu anayeamini.

Msalimie shemeji na watoto. Apolonia wangu na Ritha wanawasalimu. Mpigie mama mdogo Salvina. Anataka kusikia sauti yako mwenyewe, si ile ya filamu. Mungu akulinde, na koo lako alilinde zaidi, maana tunalihitaji.

Wako akupendaye, hata wiki hii,

Kaka yako Marcelino