Ufa kwenye Chumba cha Mama

Viwanja Sitini, Ifakara

Kaka Deus,

Shikamoo. Picha zako za kuta za kale za Peru na Uturuki zimefika, na Mama amewaonyesha majirani wote. Huku mpunga umechanua.

Nilikwenda kijijini Idete, kwa Mama, kupiga picha matofali ya nyumba ya babu kama ulivyoniomba. Nilipoikuza picha, niliona ufa mrefu upande wa chumba cha Mama. Nilimsihi ahame.

“Kuta za Deus zimesimama miaka elfu,” alisema. “Huu ndio uanguke leo?”

Jana mvua ilizidi, nikamvuta nje kwa nguvu. Ukuta ulianguka tukiwa uani.

Nimemleta kwangu, lakini hataki kuingia ndani. Amekaa kwenye mvua, akizitazama kuta zangu kana kwamba nazo zitaanguka. Naogopa, kaka. Rudi.

Mdogo wako,
Margareta